Kisu cha mtoto wa miaka mitano: cha nailoni, chenye pete, au cha sokoni?

Mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii hutajwa sana mzazi anapochoka kubishana, ila walioitunga hawakusema wembe wenyewe uwe wa plastiki. Siku hizi upo. Ingia maduka ya mtandaoni utafute visu vya watoto: utaletewa seti za nailoni za rangi rangi zilizoandikwa kuwa ni salama, hazikati kidole, zinafaa kuanzia miaka mitatu. Pembeni yake utaona kisu cha chuma chenye pete ya kuingiza kidole, kutoka Ulaya. Na kule sokoni, kwenye meza ya wauza vyombo, kuna kisu kidogo cha matunda cha bei ya soda mbili tatu, ambacho aliyekitengeneza hakuwa na mtoto yeyote akilini.

Tunavipima vyote vitatu kwa kazi moja tu: kumfundisha mtoto wa miaka minne hadi saba ajue hatari iko wapi na aidhibiti mwenyewe, bila kungoja apigiwe kelele. Kachumbari ni faida ya ziada. Kwa hiyo kisu kisichoweza kumkata mtu hakipati alama za bure hapa.

Jambo hili si geni. Ellen Sandseter, mtafiti wa Norwei, alipochambua michezo ya hatari ya watoto wadogo mwaka 2007 aliigawa katika aina sita: kupanda juu, mwendo wa kasi, vifaa vya hatari, mahali pa hatari kama majini au karibu na moto, mieleka, na kupotelea mbali na macho ya wakubwa. Kisu kiko kwenye vifaa, na chekechea za huko humpa mtoto kisu cha kuchongea kijiti bila mtu kushtuka. Kwetu pia mtoto wa miaka minane akikata majani ya ng'ombe kwa panga si habari. Aliyebaki nyuma ni mtoto wa ghorofani, anayefika darasa la tano hajawahi kumenya kiazi.

Seti ya nailoni

Kwa kawaida ni visu vitatu, kidogo, cha kati na kikubwa, vyote vina meno kama msumeno na ncha ya duara. Seti kubwa zaidi huongezewa kibao, kifaa cha kumenyea viazi, na kikatio cha mawimbi: bapa lililokunjwakunjwa kama bati la paa, lenye mshikio juu yake.

Vitu laini inavimudu. Ndizi mbivu, kiazi kilichochemshwa, boflo, chapati, tikiti lililokwisha kutolewa ganda, parachichi ambalo mkubwa ameshalitoa kokwa kwa kijiko. (Kwa kijiko, tunasisitiza. Kudunga kokwa la parachichi kwa ncha ya kisu huku tunda limekaa kiganjani ndiyo njia ya haraka ya kujichoma kiganja, na watoto huiga.) Kwa mtoto wa miaka mitatu, seti hii inamzoesha kushika mpini, kuweka mkono wa pili mahali pake na kuvuta kisu badala ya kugonga. Kwa umri huo inatosha.

Matatizo yanaanza kwenye nyanya. Mtazame mtoto kwa karibu. Anaweka meno ya nailoni juu ya ganda, anavuta, ganda linakunjamana bila kupasuka. Anavuta tena, nyanya inabingirika. Anaibana zaidi kwa mkono wa pili, anasimama kwa vidole vya miguu kuongeza uzito, bega linapanda hadi sikioni. Ganda linapoachia, kisu kinashuka na uzito wote wa mwili mpaka ubaoni na juisi inamrukia machoni. Kidole kimepona, ni kweli. Ila mkono umejifunza kwamba kisu ni kitu cha kukandamiza, na mkono hausahau haraka. Siku atakapookota kisu cha mama yake atakikandamiza vilevile, na hicho hakina huruma.

Sababu ni unene. Nailoni haiwezi kunolewa ikawa nyembamba kama chuma, hivyo bapa linabaki nene na kufanya kazi ya kabari: linapasua badala ya kukata. Jaribu karoti mbichi. Kisu kinaingia milimita chache, kinakwama, mtoto anasukuma, karoti inaachana ghafla kwa mlio, kipande kimoja kiko sakafuni na kisu kimeteleza pembeni. Hapo mtoto hana alichoweza kukadiria, kwa sababu hata mtu mzima hawezi kujua karoti itaachia lini.

Ukitaka kuona tofauti bila kubishana na mtu, chukua mizani ya jikoni ya dijitali inayobeba kilo tano. Weka ubao juu yake, nyanya juu ya ubao, irudishe kwenye sifuri. Kata kwa kisu cha nailoni huku mtu mwingine akisoma namba kubwa kabisa iliyojitokeza. Rudia kwa kisu cha chuma kilichonolewa, nyanya ya mafungu hayohayo. Namba ya nailoni itakuwa mara kadhaa ya ile nyingine, na hizo gramu ndizo nguvu ambazo mtoto hawezi kuzizuia kisu kikiteleza.

Lalamiko letu kubwa zaidi ni kile kikatio cha mawimbi. Chenyewe ni kifaa kizuri, pengine kizuri kuliko vyote ndani ya boksi: mshikio uko juu, mikono yote miwili inakaa juu ya bapa, hakuna kidole kinachobaki chini. Mtoto wa miaka mitatu anakata tango na karoti iliyochemshwa nusu bila shida. Lakini kwa kawaida ni cha chuma, na kinakata kweli. Umemwambia mtoto kwamba vitu vya rangi hii havikati, ameshavipitisha kwenye kiganja akicheka, halafu ndani ya boksi lilelile, kwa rangi ileile, kuna kimoja kinachokata. Hiyo ni hatari iliyojificha, na imefichwa na mwenye kuuza usalama. Ukinunua seti ya namna hii, kitoe kikatio siku hiyohiyo, ukiweke pamoja na visu vya wakubwa, na ukimpa mtoto kimpe peke yake kwa jina lake: hiki kinakata.

Mengine ni madogo. Manjano inapaka nailoni rangi isiyotoka. Kisu kikiegemezwa kwenye jiko la mkaa au sufuria ya moto kinapinda. Meno yakishachakaa hutoa vinyuzi ambavyo vitaishia kwenye chakula, na hayanoleki, ni ya kutupwa. Vile visu vya mbao vyenye umbo la mnyama havina haja ya aya yake: vinakata ndizi, vinanyonya maji, vinaota ukungu kwenye ungio.

Kisu chenye pete

Kinachojulikana zaidi ni Le Petit Chef cha Opinel, kampuni ya Savoie, Ufaransa, iliyoanza kutengeneza visu mwaka 1890. Bapa ni la chuma kisichoshika kutu, urefu sentimita 10, ncha ya duara, mpini wa mti. Mwanzoni mwa mpini kuna pete ambayo kidole cha shahada kinaingia. Seti ina pia kifaa cha kumenyea chenye pete kama hiyo, na kinga ya vidole, yaani kingao kidogo cha plastiki kinachovaliwa kwenye mkono unaoshika chakula.

Pete ndiyo inayolipiwa, na inastahili. Mtoto akipewa kisu cha kawaida hukosea kwa njia mbili: ama anashika mwisho kabisa wa mpini kama anayeshika nyundo, kisu kinamchezea mkononi, ama anasogeza kidole cha shahada juu ya mgongo wa bapa, kisha kinateleza kuelekea makali. Pete inazuia yote mawili bila wewe kusema neno. Kidole kinakaa nyuma ya makali kwa sababu hakuna pengine pa kukaa. Na kwa kuwa iko katikati, chini ya mpini, mtoto wa mashoto anakitumia sawasawa na wa kulia. Hilo ni la maana kwenye nyumba nyingi za kwetu ambako mashoto bado anasahihishwa mezani. Kwenye kisu usimsahihishe. Mkono wenye nguvu ndio ushike mpini, basi. Visu vya meno vya chuma, kwa upande mwingine, mara nyingi hunolewa upande mmoja tu, na mikononi mwa mashoto huenda mshazari bila yeye kuelewa kwa nini.

Kinga ya vidole ina wema wake kwa wiki mbili tatu za kwanza, hasa kwa mtoto mwoga. Baadaye inakuwa mzigo. Chakula kidogo kama kitunguu saumu hakishikiki vizuri nyuma yake, na mtoto akishaizoea haangalii tena vidole vyake, anaangalia plastiki. Ivue mapema. Kitu unachotaka kimlinde ni mkunjo wa vidole vyake mwenyewe.

Mpini wa mti hautaki kulowekwa wala kuingizwa kwenye mashine ya kuoshea vyombo: osha, futa, weka. Na pete huwa ndogo siku moja. Kidole cha mtoto wa miaka tisa au kumi huanza kubanwa, na huo ndio wakati wa kuhamia kisu cha kawaida.

Bei ndiyo kikwazo. Kwa pesa ya seti moja, bila kuhesabu usafiri na ushuru wa kuiingiza nchini, unanunua visu vya sokoni zaidi ya ishirini. Kama ndugu aliyeko Ulaya anauliza alete nini, mwambie hicho. Kukiagiza mwenyewe hatushauri, kwa sababu ya kinachofuata.

Kisu cha sokoni, baada ya kupita kwa mnoa visu

Kisu cha matunda cha kawaida, bapa la sentimita 8 au 9, mpini wa plastiki. Kama kilivyo mezani hakifai kwa mtoto: ncha imechongoka, kisigino cha bapa pale linapokutana na mpini kina kona kali, na makali ya kiwandani huwa ya hovyo. Makosa yote matatu yanarekebishwa na mtu mmoja mwenye baiskeli.

Ukiwa sokoni chagua hivi. Shika bapa kwa kitambaa, zungusha mpini kwa mkono mwingine. Ukicheza hata kidogo, rudisha, kwani mpini wa plastiki ulio wazi ndani siku moja utatoka na bapa litabaki ndani ya muhogo. Bonyeza ubapa wa kisu mezani: upinde kidogo na urudi ukiwa umenyooka. Angalia ungio la bapa na mpini. Likiwa na mwanya linakusanya uchafu. Mwishowe mpe mtoto mwenyewe ashike, kikiwa ndani ya ala yake ya karatasi. Kidole gumba na kidole cha kati vikutane kuzunguka mpini. Mpini mnene kuliko hapo utamchosha, na mkono uliochoka ndio unaoteleza.

Kisha mpelekee mnoa visu anayepita mitaani na jiwe lake la kuzungushwa kwa pedali. Mwambie mambo matatu, na usimame hapo hadi amalize. La kwanza, ncha iondolewe kwa kulishusha mgongo: mgongo upinde kushuka kufuata makali, kwa mviringo kama wa ukingo wa sarafu ya shilingi mia. Wengi, usipowaambia, watasaga kutokea upande wa makali, na utabaki na kisu kisichogusa ubao mbele. La pili, kile kisigino kilainishwe, na makali ya milimita tano za mwisho kabla ya mpini yauawe kabisa. Hapo ndipo kidole cha shahada cha mtoto hukaa kisipokuwa na pete. La tatu, achovye kwenye maji kila baada ya mapito machache. Bapa hizi ni nyembamba na jiwe lina kasi. Ukiona ncha imegeuka rangi ya bluu, chuma kimeungua pale na hakitashika makali tena.

Makali yenyewe tunapendekeza uyamalizie nyumbani kwenye kinoo cha namba 1000. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2, inua mgongo milimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jiwe, hiyo ni kama nyuzi 15 hadi 20, vuta mara kumi upande mmoja na kumi upande wa pili, jiwe likiwa limelowa. Jipime kwa nyanya: kisu kiwekwe juu yake, kivutwe kwa uzito wake tu, ganda lifunguke. Kikishindwa, hakijaiva kwa mtoto. Wazazi wengi hufanya kinyume, humpa mtoto kisu kilichoisha makali wakidhani wamemhurumia, na wamempa tatizo lilelile la nailoni pamoja na chuma kinachoweza kukata.

Mpini ukiwa unateleza, zungushia utepe wa tyubu ya baiskeli uliooshwa kwa sabuni, uvutwe sana, mwisho uchomekwe chini ya mzunguko. Ubadilishe kila mwezi. Tengeneza na ala: kipande cha boksi kilichokunjwa mara mbili na kuzungushiwa selotepu. Mtoto akizoea kwamba kazi haijaisha mpaka kisu kiko ndani ya ala yake, umemaliza nusu ya mafunzo.

Hiki ndicho tunachokipa nafasi ya kwanza, mbele ya chenye pete, ingawa pete tunaipenda. Kinakata kweli, kinanoleka, kikipotea hakuna kilio, na zaidi ya yote kinafanana na visu ambavyo mtoto atavikuta kila jikoni atakaloingia.

Ubao, kiti, na mazoea ya kukatia mkononi

Maelekezo yanayokuja na seti zote hizi yanachukulia kwamba watu hukatia mezani. Kwetu wengi hukatia mkononi. Kitunguu hukatwa juu ya sufuria, kidole gumba kikiwa ndiyo ubao. Sukuma wiki husokotwa ngumini na kukatwa nyembamba kisu kikija kifuani. Mpishi mzoefu anajua gramu anazosukuma, na kisu hukoma kwenye ngozi ya kidole gumba bila kuichana. Mtoto anaona mwendo, gramu hazioni. Kwa miezi ya kwanza, kama mtoto yuko jikoni kujifunza, na wewe katia ubaoni. Mweleze na dada wa kazi pia, kwa kuwa saa nyingi ni yeye anayeangaliwa, na mkubaliane maneno: kukiwa na sheria mbili jikoni mtoto atafuata iliyo rahisi.

Ubao uwe wa mti au plastiki laini, chini yake kitambaa kilicholowa na kukamuliwa ili usisogee. Kukatia kwenye sahani, sinia au kaunta ya marumaru kunaua makali kwa siku moja. Kimo cha ubao kiwe chini kidogo ya kiwiko cha mtoto. Kaunta ya jikoni huwa kama sentimita 90. Mtoto wa miaka mitano atahitaji kupanda sentimita 25 hadi 35, na hapo watu humletea kiti cha plastiki ambacho miguu yake hutanuka, au ndoo iliyopinduliwa. Usifanye hivyo. Kuanguka ukiwa na kisu ni balaa kubwa kuliko kisu. Meza fupi ya sebuleni, mtoto akipiga magoti juu ya mto, ni bora kuliko kaunta. Kama ni chini kwenye mkeka, ubao ukae juu ya kigoda na miguu ya mtoto ielekezwe pembeni. Miguu iliyokunjwa chini ya ubao ndiyo njia ya kisu kinachoteleza.

Mishiko ni miwili. Daraja kwanza: kidole gumba upande huu wa chakula, vidole vingine upande ule, kisu kinapita chini ya upinde. Unaanza nao kwa sababu mtoto anaona uwazi kisu kinapopita. Baada ya wiki kadhaa, makucha: ncha za vidole zimekunjwa ndani kama paka anayekamata panya, gumba nyuma, vifundo mbele vikiwa ukuta wa bapa. Kila kitu cha duara kinagawanywa nusu na mkubwa na kulazwa ubapa wake chini kabla mtoto hajakigusa, karoti kwa urefu, kitunguu kwa kupitia shina. Kinachobingirika hakikatwi. Hii peke yake huondoa ajali nyingi kuliko kifaa chochote cha kununua.

Mpangilio wa vyakula uende na ukinzani wake: ndizi, kiazi kilichochemshwa, tango, hoho, halafu nyanya, halafu karoti. Kitunguu kimkute mwishoni. Tabaka zake huteleza na machozi humfunga macho huku kisu kikiwa mkononi; mfundishe kwamba macho yakiwasha kisu kinalazwa kwanza, ndipo anageuka. Embe karibu na kokwa, nanasi, boga, muhogo mbichi na kupasua nazi si kazi za umri huu kwa kisu chochote kati ya hivi.

Sasa maneno. “Angalia!” halimwambii aangalie nini, na likipazwa humfanya ainue uso kukutazama wewe wakati kisu kinaendelea kushuka. “Utajikata!” ni utabiri. Badala yake uliza kwa sauti ya kawaida, kabla ya kila chakula kipya: makali yako upande gani? Vidole vyako viko wapi? Kisu kikiteleza, kitaelekea wapi? Swali la tatu ndilo lenye kazi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kulijibu kwa kuonyesha kwa kidole: kitaenda kule, ukutani. Au kitakuja huku, tumboni, na hapo atageuza ubao mwenyewe. Siku akijibu kabla hujamuuliza, mwongezee chakula kigumu zaidi. Sheria nyingine ni fupi: kisu hakitembei, anayekitaka anakuja kilipo, hakipokewi mkono kwa mkono, kinalazwa mezani, na hakiingii kwenye beseni la vyombo. Hii ya mwisho ni ya wakubwa hasa. Kisu chini ya povu ndicho kinachomkata mtoto aliyeagizwa kuosha vikombe, na hapo hakuna swali lolote ambalo lingemsaidia, kwa kuwa hakuna alichoweza kuona.

Ukiwa na mbuzi ya kukunia nazi nyumbani, itumie kama somo la kinyume akifika miaka minane hivi. Kisu kinaendea chakula. Kwenye mbuzi chuma kimetulia na mkono ndio unaokiendea. Muulize swali lilelile la tatu na uone kama atagundua kwamba kinachoteleza sasa ni kifuu. Na ikimaliza kazi ikunjwe palepale.

Atajikata siku moja. Osha kwa maji safi na sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 ukizipima kwa saa, bila kuchungulia katikati, mkono ukiwa umeinuliwa juu kuliko kifua. Kuchungulia kila dakika kunabandua damu iliyoanza kuganda. Unga, kahawa, dawa ya meno na mafuta ya taa vibaki kabatini. Nenda kituo cha afya kama damu haijasimama baada ya dakika hizo, kama kidonda kimeachama, kama ncha ya kidole imekufa ganzi au haikunjiki. Beba kadi ya kliniki: chanjo ya pepopunda imo ndani ya pentavalenti, ile sindano ya magonjwa matano kwa pamoja ya wiki 6, 10 na 14, na watakuuliza kama alimaliza.

Kuna na glavu za kuzuia kukatwa za saizi ya watoto, nyingi zimeandikwa daraja la 5. Daraja hilo ni la mizani ya zamani ya EN 388, kiwango cha Ulaya cha glavu za kinga, kinachopima mkato wa bapa linalopita. Toleo la 2016 liliongeza kipimo cha herufi, A hadi F. Glavu ya kufumwa haizuii ncha kudunga, na ikiwa kubwa kidogo kuliko mkono, ncha zake tupu hulala chini ya kisu na mtoto hajui kidole chake kinaishia wapi. Pesa hiyo nunulia kinoo.